Kirsty Coventry alitokaje Harare mpaka dhahabu ya Olimpiki? Nina binti anaogelea mgongo, naomba mnisaidie

BabaNaima

Habari zenu wakuu. Nina binti wa miaka 11 anaogelea klabu moja hapa Dar, na staili yake ni mgongo, yaani hiyo kazaliwa nayo, ukimwambia aogelee chura anakuja juu kabisa ila mgongo hata umwache saa nzima haombi kutoka. Sasa juzi kwenye mashindano ya klabu mzazi mwenzangu mmoja kaniambia, tena watoto wanasikia, kwamba kama sina mpango wa kumpeleka nje mapema basi niache kuchoma hela ya ada ya bwawa, maana kuogelea sio mchezo wetu na hakuna Mwafrika aliyewahi kutoka akiwa kwao.

Nikamtajia Kirsty Coventry wa Zimbabwe, huyu ambaye sasa ndo rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Akanijibu yule katengenezwa Marekani, Zimbabwe ni pasipoti tu. Nikakosa la kusema kwa sababu mimi namjua Coventry kwa picha ya medali shingoni, safari yake siijui.

Binti kasikia yote. Njiani kurudi nyumbani kaniuliza "baba kwani sisi hatuwezi?" na swali lile halijanitoka mpaka sasa hivi naandika.

Kwa hiyo wenye kujua naomba mnieleweshe, huyu mama alianzia wapi, aliondoka kwao akiwa na umri gani, kwanini medali zake za fedha ni nyingi kuliko za dhahabu, na je kuna la kujifunza kwa mzazi kama mimi ambaye uwezo wangu ni wa kawaida? Natanguliza shukrani.

KochaMstaafu

Baba Naima, mwenzako kashika nusu ya habari na nusu hiyo ndo inakatisha tamaa watoto wengi. Nimefundisha kuogelea muda mrefu na Coventry nimemfuatilia toka Athens, ngoja nikupe mtiririko.

Kazaliwa Harare tarehe 16 Septemba 1983, sekondari kasoma Dominican Convent hapo hapo Harare. Olimpiki yake ya kwanza ni Sydney 2000, na siku mashindano ya kuogelea yanaanza ndo siku aliyotimiza miaka 17. Mwanafunzi wa shule, katokea Harare, akaingia nusu fainali ya mita 100 mgongo na hakuna muogeleaji wa Zimbabwe aliyekuwa amefika nusu fainali ya Olimpiki kabla yake. Hapo Marekani bado. Kwa hiyo msingi wote, yaani kulala juu ya maji, kugeuza, kuanza, kuzoea kuamka alfajiri, huo uliwekwa nyumbani.

Marekani kaja kwenda baada ya shule, chuo cha Auburn kule Alabama, na Auburn kipindi kile ilikuwa moto, timu yao ya wanawake ilibeba ubingwa wa vyuo vya Marekani 2002, 2003 na 2004 mfululizo. Hapo ndo mwenzako yuko sahihi, kwamba Auburn ilimpa kitu ambacho Harare isingeweza, nacho ni kuogelea kila siku na watu wa kiwango chake au zaidi. Ila zingatia, Auburn walimchukua kwa sababu tayari alikuwa muogeleaji.

2002 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola pale Manchester, mita 200 mchanganyiko wa staili nne. Ilikuwa ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu Desemba 2003 Zimbabwe ikajitoa kwenye Jumuiya, kwa hiyo miaka yake yote ya moto mashindano yale akawa hana ruhusa. Siasa zilimnyima medali kadhaa na yeye hakuwa na kosa lolote.

Kisha Athens 2004. Fedha mita 100 mgongo nyuma ya Natalie Coughlin wa Marekani, shaba 200 mchanganyiko, halafu dhahabu mita 200 mgongo kwa dakika 2:09.19. Kabla ya hapo Zimbabwe ilikuwa na medali moja tu ya Olimpiki, ile dhahabu ya hoki ya wanawake Moscow 1980. Mpaka leo nchi ina medali 8 za Olimpiki na 7 ni za mtu huyu mmoja. Rudia kuisoma hiyo sentensi.

Mwaka uliofuata Montreal kwenye ubingwa wa dunia akabeba dhahabu zote mbili za mgongo, 100 na 200, akaongeza fedha mbili za mchanganyiko.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hata medali zenyewe. Rekodi ya dunia ya mita 200 mgongo ilikuwa ya Krisztina Egerszegi wa Hungaria, 2:06.62, aliiweka 1991. Wamekuja watu, wamekuja na teknolojia zao, imesimama zaidi ya miaka 16. Aliyeivunja ni Coventry, Februari 2008 kule Missouri, 2:06.39. Julai Margaret Hoelzer, Mmarekani ambaye naye alipita Auburn, akamnyang'anya. Agosti wakakutana Olimpiki ya Beijing, Coventry akagusa ukuta 2:05.24, karudisha rekodi yake na kamuacha Hoelzer karibu sekunde nzima. Mgongo mita 200 ni mbio ya kujua kugawa nguvu, ukiwahi sana unakufa mita 50 za mwisho, na siku ile aligawa vizuri mpaka raha.

Sasa swali lako la medali za fedha. Angalia tofauti zenyewe. Athens mita 100 mgongo kapitwa sekunde 0.13. Beijing 200 mchanganyiko, Stephanie Rice wa Australia kampita 0.14, na wote wawili walikuwa ndani ya rekodi ya dunia ya zamani. Beijing 400 mchanganyiko, Rice 4:29.45, Coventry 4:29.89, na hao ndo wanawake wa kwanza kuogelea 400 mchanganyiko chini ya dakika 4 na nusu, wote kwenye fainali moja. Mita 100 mgongo Beijing ndo iliniuma mimi, kwa sababu nusu fainali aliweka rekodi ya dunia 58.77, fainali akaogelea 59.19 na Coughlin akachukua kwa 58.96. Angerudia tu alichofanya jana yake angekuwa na dhahabu ya tatu. Fedha 4 za namna hiyo sio udhaifu, ni mtu aliyekuwa kwenye fainali ngumu kila mara na kila mara akawa yupo.

SautiYaTemeke

Kocha umeeleza vizuri ila tusimdanganye huyu baba. Coventry ni mtoto wa wazungu wa Harare, kasoma shule ya maana, mabwawa yalikuwepo. Sasa mtoto wa Mbagala au wa Buguruni bwawa analipata wapi? Watoto wetu wanajua maji ya bahari na mto, wanaogelea vizuri sana kwa kujiokoa, lakini kuhesabiwa muda, kugeuza ukutani, kuanza kwenye jukwaa hivyo ni vitu vya shule za ada ya dola. Tukitaja Coventry bila kutaja bwawa tunakuwa hatujasema kitu.

Sina nia ya kumkatisha tamaa mtoto, mwambie anaweza, kwa sababu anaweza kweli. Ila wakubwa tuseme wazi kwamba nchi yenye bahari kuanzia Tanga mpaka Mtwara haiwezi kuendelea kupeleka Olimpiki waogeleaji wawili wa nafasi za upendeleo, zile wanazopewa nchi ambazo hazina aliyefikia kiwango, halafu wanatolewa asubuhi ya kwanza na tunasema tumeshiriki. Vijana wale hawana lawama, wanajitahidi kwa walichonacho. Mabwawa ya umma ndo hakuna.

KochaMstaafu

SautiYaTemeke nakubaliana na wewe kwenye bwawa, sina ubishi hata kidogo. Nyongeza tu, ukisema mzungu usiishie hapo. 2004 mashamba ya wazungu Zimbabwe yalikuwa yameshachukuliwa kwa miaka minne, uhasama ulikuwa juu, na binti huyo aliporudi na medali zake uwanja wa ndege Harare ulijaa watu weusi kwa ngoma na nyimbo. Kuna watoto waliopewa jina lake mwaka ule. 2008 nchi hela imekuwa karatasi, uchaguzi umemwaga damu, na yeye ndo habari njema pekee waliyokuwa nayo. Mugabe akampa dola 100,000 za Marekani. Angeweza kubadilisha uraia kama walivyofanya wanamichezo wengi, chuo cha Marekani, kocha wa Marekani, kambi Marekani, lakini Olimpiki zote tano kaogelea na kofia ya Zimbabwe. Kwa hiyo ile "pasipoti tu" ya mzazi mwenzie Baba Naima mimi siikubali.

MajiYaKasarani

Salamu kutoka Nairobi. Niongezee ya huku kwetu kwa sababu watu wakisema Kenya wanafikiria mbio za barabarani tu.

Jason Dunford, mzaliwa wa hapa Nairobi, alienda chuo cha Stanford Marekani, na Beijing 2008 kwenye mchujo wa mita 100 batafulai, ile staili ya kipepeo, aliogelea 51.14 ikawa rekodi ya Olimpiki. Haikukaa sana, Milorad Cavic wa Serbia akaivunja mchujo huo huo, lakini kwa muda huo mfupi rekodi ya Olimpiki ya kuogelea ilikuwa na jina la Mkenya. Fainali ndo ile maarufu ya Michael Phelps wa Marekani kumshinda Cavic kwa 0.01, watu wote wanaikumbuka kwa hilo na hawajui kwamba wa tano kwenye ubao ule ni Kenya. Dunford alimaliza na 51.47. Shaba ilienda kwa 51.12. Manake muda wake wa mchujo ulikuwa 0.02 nyuma ya shaba. Mimi nikiangalia video ile leo bado nainuka kwa kiti.

2010 Delhi akachukua dhahabu ya Madola mita 50 batafulai, ya kwanza ya Kenya kwenye kuogelea, na London 2012 ndiye alibeba bendera yetu. Siku hizi anaimba rap kwa jina la Samaki Mkuu, na Kiswahili chake kiko sawa kabisa.

Huku tuko na bwawa la mita 50 pale Kasarani lakini bwawa peke yake halitoshi, bila mashindano ya kila mwezi na makocha wanaolipwa bwawa linabaki la wikendi. Kwa hivyo Baba Naima usingoje kila kitu kiwe tayari ndio mtoto aanze, na pia usidhani siku bwawa litajengwa kazi imeisha.

DadaWaUpanga

Naomba nijibu ile ya "hakuna Mwafrika aliyetoka akiwa kwao" kwa sababu hiyo sio kweli na binti anatakiwa aijue.

Tatjana Schoenmaker, siku hizi Smith baada ya kuolewa, wa Afrika Kusini. Dhahabu mita 200 chura Tokyo na rekodi ya dunia juu, dhahabu mita 100 chura Paris 2024. Huyo kafundishwa Pretoria, kwenye chuo kikuu cha Pretoria, na kocha wa hapo hapo Rocco Meiring. Chad le Clos aliyempita Phelps kwa 0.05 mita 200 batafulai London 2012, kapikwa Durban. Najua mtasema Afrika Kusini ni dunia nyingine kwa vifaa, sawa, lakini ni Afrika na ni nyumbani. Tena kuna Oussama Mellouli wa Tunisia, dhahabu ya mita 1500 Beijing kisha dhahabu ya kilomita 10 maji ya wazi London, ila yeye alipitia Marekani kama Coventry. Njia ziko zaidi ya moja.

Na kuhusu Coventry mwenyewe, watu tunapenda kuishia 2009 alipoweka rekodi ya dunia ya 200 mgongo, 2:04.81, kule Roma wakati wa yale mavazi ya plastiki yaliyokuja kupigwa marufuku. Mimi napenda mwangalie miaka saba iliyofuata. London 2012 kaingia fainali ya 200 mgongo, Missy Franklin kashinda na kaivunja rekodi yake mbele ya macho yake, yeye kawa wa 6. Rio 2016, karibu miaka 33, kaingia fainali ya mita 200 mgongo tena na kawa wa 6 tena. Hakuna aliyempigia ngoma kwa nafasi ya 6, lakini mwanamke wa umri ule kwenye fainali ile na wasichana wa miaka 19 ni kazi nzito sana, anayejua maji anaelewa.

Baada ya hapo siasa. Akawa waziri wa vijana na michezo Septemba 2018, na hapa sitamsifia tu. Viwanja vya mpira vya Zimbabwe vilikataliwa na CAF wakati wake, timu ya taifa ikawa inachezea ugenini mechi za nyumbani, na FIFA wakaifungia nchi 2022 baada ya chombo cha serikali kusimamisha uongozi wa chama cha mpira. Wazimbabwe wengi wana kinyongo naye kwa hilo na wana haki yao, hasa ukikumbuka yeye mwenyewe kanufaika na michezo. Halafu Machi 2025 kule Ugiriki akachaguliwa rais wa IOC, hiyo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, raundi ya kwanza, kura 49 kati ya 97, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Yote ni yeye huyo huyo. Binti yako akimpenda ampende akijua yote.

BabaNaima

Wakuu nimesoma yote na nimemsomea binti, alipofika kwenye rekodi ya miaka 16 kaniambia nirudie. Kwa Tatjana kauliza kwanini ni chura na sio mgongo, nikamwambia akaulize kocha wake.

Kocha, naomba nikusumbue mara moja. Kwa umri wake wa miaka 11 nimfanyie nini cha kweli mwaka huu? Sina hela ya kambi za nje. Na tatizo lake kubwa ni ukuta, anaogopa kujigonga kichwa, akikaribia anageuka kuangalia na hapo anapitwa.

KochaMstaafu

Hiyo ya ukuta ndo tatizo la waogeleaji wote wa mgongo wa umri wake na dawa yake haihitaji hela. Kuna vile vibendera vinavyopita juu ya bwawa, vinatakiwa viwe mita 5 kutoka ukutani, pande zote mbili. Kwanza nenda na futi ya fundi upime, kwa sababu mabwawa mengi vinafungwa kwa kukadiria na mtoto anajifunza hesabu ya uongo. Vikiwa sawa, aogelee kwa kasi ya mashindano, bendera ikipita juu ya macho yake aanze kuhesabu mikono mpaka aguse. Umri wake mara nyingi inakuwa mitano, sita hivi, kila mtoto ana yake. Akishapata namba yake airudie mpaka aiamini, kisha mkono mmoja kabla ya wa mwisho ndo anageukia kifua kwa ajili ya kujipindua. Akiamini namba hageuzi kichwa tena. Pale anapogeuza kichwa kuangalia, nyonga inazama na mwendo wote unakufa, ndo maana anapitwa.

Cha pili, miguu chini ya maji. Sheria inaruhusu mita 15 chini ya maji baada ya kuanza na baada ya kila kugeuza, na watoto wetu wengi wanatoka mita ya 4 kwa sababu pumzi inawabana na maji yanaingia puani. Mfundishe kutoa pumzi puani taratibu akiwa amelala chali, hata kwenye kina kifupi. Asilazimishwe kubana pumzi kwa mashindano na wenzie, hilo ni hatari, wamezimia watu wazima, na asifanye kamwe bila mtu mzima kumwangalia.

Cha tatu asiwe wa mgongo peke yake. Najua chura haipendi, ila Coventry medali zake 3 kati ya 7 ni za mchanganyiko na kwenye mchanganyiko chura iko ndani. Mtoto wa miaka 11 anayekatwa staili tatu anakuja kulia akiwa na 15.

Na kuhusu nje, Coventry aliondoka baada ya kumaliza shule. Dunford naye Stanford ni chuo. Vyuo vya Marekani wanaangalia muda wa mtoto na cheti cha shule, kwa hiyo hisabati na Kiingereza chake vina uzito sawa na mgongo wake, ukipata hela ya ziada peleka huko. Una miaka sita mbele yako, usikopee kambi ya wiki mbili.

BabaNaima

Asante sana kocha, futi ninayo, kesho jioni tunapima. La mwisho, klabu yao wanatumia bwawa la mita 25, nikienda kulinganisha muda wake na wa watoto wa nje mtandaoni nitakuwa nalinganisha vitu sawa?

KochaMstaafu

Hapana. Mita 200 kwenye bwawa la 25 anageuza mara 7, kwenye la 50 anageuza mara 3, na kila ukuta unampa msukumo na nafasi ya miguu chini ya maji. Kwa hiyo muda wa bwawa fupi unakuwa mdogo na wala haimaanishi ana kasi zaidi. Angalia mtandaoni wameandika bwawa lipi, na kama ni la Marekani angalia pia kama ni yadi, vyuo na shule zao wanaogelea yadi 25 ambayo ni fupi kuliko mita 25, watu wengi wanaona namba zile wanachanganyikiwa bure. Weka daftari, andika tarehe, bwawa, staili, muda, na idadi ya mikono yake kutoka bendera mpaka ukutani. Ukipata nafasi ya bwawa la 50 hata mara moja kabla ya mwaka kuisha mwogeleshe 200 mgongo moja tu ya kasi, utuwekee hapa muda wa kila mita 50, nitakwambia anapochokea.